Unakula Mwenyewe

Mtu anayekula peke yake humjui kwa sahani, unamjua kwa sufuria. Sahani inaweza kudanganya. Ukiikuta inang'aa kabatini utadhani mwenye nyumba ana wageni kila Jumapili. Sufuria haijui kuficha. Ya Fundi Pindo ilikuwa ndogo kama kofia ya mtoto, ubavu mmoja umebonyea, na ndani kijiko kilikuwa kimeichora mistari kama uso wa mzee, kwa sababu humo alipikia na humo alilia. Kulia chakula, maana kulia kwa machozi hakuna mtu aliyewahi kumfumania nako.

Aliitwa Fundi Pindo kwa sababu nguo mpya alikuwa hashoni. Nguo mpya ina maneno mengi: mteja asimame, anyooshe mikono, apimwe kifua, aulizwe anataka kola gani, aeleze harusi ni ya nani na bibi harusi amemtoa wapi. Pindo halina hadithi. Suruali ni ndefu, ikatwe. Gauni linabana, liachiwe. Zipu imekufa, itolewe iwekwe nyingine. Mteja anaweka nguo juu ya ubao, anasema "hapa". Fundi anabana pini, anasema "Alhamisi". Biashara imekwisha kwa neno moja kila upande. Watu wengine huchagua kazi kwa mshahara. Yeye aliichagua kwa ukimya wake.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba kama bahasha. Mbele mlango wa barabarani, katikati cherehani, nyuma pazia, na nyuma ya pazia kitanda, jiko la gesi na ile sufuria. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa fundi viatu, mwanamume mwenye maneno mengi kuliko misumari, ambaye kila asubuhi alisalimia mpaka mwisho wa ukoo na kujibiwa "salama."

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa na mume, dereva wa lori, mtu wa kicheko. Watoto hawakujaliwa. Mume akaugua, akauguzwa nyumbani, akafa. Na siku ya msiba ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa wengine wote halikuwa jambo.

Dada wa marehemu, yaani wifi yake, alikuwa mwanamke wa umbo la kabati na sauti ya kengele ya shule. Kwenye shughuli yoyote wifi huyo hapiki, haoshi vyombo, hachoti hata maji ya kunawa. Lakini asipokohoa, sufuria haipandi jikoni wala haishuki. Siku hiyo alikuwa anakohoa kila kona. Fundi alikuwa amekesha kitandani kwa mgonjwa mpaka pumzi ya mwisho, hana kumbukumbu ya tonge la mwisho alilotia mdomoni. Watu waliporudi kutoka makaburini akaingia jikoni, akapakua wali kwenye mfuniko, akaugeukia ukuta, akala kwa kusimama. Wifi akaingia kutafuta chumvi.

"Jamani, njooni muone!" akapaza sauti. "Watu hawajanawa hata mikono, mwenzetu huku anakula mwenyewe!"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, mkono mdomoni. Wifi akachukua chumvi yake, na kufikia jioni alikuwa ameshasahau. Mtenda husahau. Mtendewa alimeza lile tonge, na tangu hapo hakula tena mahali penye macho. Alialikwa harusi, akapeleka zawadi na kuondoka kabla ya sahani. Mwisho watu wakachoka kumwalika, naye akachoka kungoja waalike. Msiba ule ukawa mara ya mwisho kwa mawifi hao wawili kukaa chini ya paa moja, ingawa kati ya nyumba zao palikuwa na mwendo wa kawaida tu wa kwenda na kurudi sokoni.

Uvimbe ulianza titini. Akapasuliwa katika hospitali kubwa ya serikali, na alipofunguliwa bendeji alikagua kovu kwa jicho la kazi, akaona mshono si mbaya ila uzi umekuwa mnene. Walipomuuliza namba ya simu ya ndugu wa karibu, akawapa yake mwenyewe. Hakuna aliyegundua. Uvimbe mwingine ukabaki kwapani, akaanza kutundikiwa dawa ya mshipa. Nywele zikaondoka, akajifunga kitambaa. Wateja wakadhani ni mtindo. Lakini dawa ile haikufua dafu. Uvimbe wa kwapani ulikaa pale pale kama mpangaji mwenye wakili.

Ndipo alipoitwa kwenye chumba cha watafiti.

Daktari wa chumba hicho alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyesoma mbali na kwa muda mrefu. Kiswahili alikuwa nacho, lakini alikiongea kama mtu anayevaa viatu vya kuazima: vinamfikisha, ila anachechemea. Alimkaribisha kiti, akageukia kompyuta, na kuanzia hapo alizungumza na kioo.

"Mama, tumepima ile nyama tuliyoitoa. Uvimbe wako tumeusoma vizuri. Sasa tumejua kwa nini dawa haikufanya kazi." Akabonyeza kitu. "Shida ni kwamba unakula mwenyewe."

Fundi Pindo alihisi ukuta wa jikoni ule wa msibani umesogea mpaka puani pake.

"Samahani?"

"Unakula mwenyewe. Ukibanwa tu kidogo, ukikosa chakula, unajifungia, unakula mwenyewe. Ndivyo unavyoishi."

"Nani kasema?"

"Vipimo, Mama. Vimeonyesha wazi kabisa."

Alitazama mkono wake, pale walipotoa damu. Hakujua kama damu husema na mambo hayo.

"Tangu lini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Inaonekana ni tabia ya siku nyingi. Na kuna kitu kinachochochea." Daktari akasogeza uso karibu na kioo. "Kuna kitu kinaitwa RNA. Kwa kawaida RNA ni ujumbe: unabeba maagizo ya kutengeneza protini. Lakini ziko nyingine hazitengenezi kitu. Hii tuliyoikuta kwako ni ya aina hiyo. Yenyewe haifanyi kazi yoyote, inaamrisha tu. Na ndiyo inayosababisha ule mwenyewe."

Haifanyi kazi yoyote, inaamrisha tu. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu wa aina hiyo alikuwa anamjua kwa jina, kwa umbo na kwa sauti. Kumbe amefika mpaka hapa!

"Sasa tufanyeje?" akasema.

"Hiyo tabia lazima izuiwe. Kuna vidonge, utavimeza kila siku kuanzia leo, hata tutakapokutundikia tena dawa ya mshipa. Viko kwenye utafiti, kwa hiyo ni hiari, hakuna wa kukulazimisha. Ila nakwambia ukweli, Mama: ukiendelea kula mwenyewe, hatufiki popote."

Akaweka alama mahali alipoonyeshwa, akapewa vidonge kwenye mfuko, akatoka.

Njiani alilipiga hesabu jambo lile kwa akili yake, na akili yake ilikuwa nzuri tu. Tatizo lilikuwa kile ilichopewa kupiga hesabu. Vidonge ni vya majaribio, hiari. Tabia ndiyo ugonjwa. Sasa tangu lini tabia ikamezewa kidonge? Mlevi haachi pombe kwa kumeza, anaacha kwa kuacha. Kama tatizo ni kula mwenyewe, dawa ni kula na mtu, na dawa hiyo haina majaribio. Vidonge akaviweka kwenye droo ya vifungo.

Ila kula na mtu kunahitaji mtu.

Akaanza na aliyekuwa karibu. Saa ya mchana alimwita fundi viatu, akamwekea sahani juu ya ubao wa kukatia. Fundi viatu alishangaa hata akanyamaza, jambo ambalo mtaa ule haukuwa umewahi kulipata. Kisha akala, akasifia, akaongea habari za soli, gundi, goti lake la kushoto na serikali. Fundi Pindo alitafuna kila tonge akilihesabu kama dozi. Alikaa kwenye kiti. Alitazamwa akila. Hakufa.

Siku iliyofuata fundi viatu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Jirani, chakula chako kitamu, sina ubishi. Ila mama watoto amepata habari kwamba nakula kwako."

"Ni kula tu."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Kasema hata nyani alianza na ndizi moja."

Dozi ikaishia hapo. Sasa amwite nani mwingine, mteja? Yule wa "hapa" au yule wa "Alhamisi"? Alikaa nyuma ya cherehani akipitisha majina kichwani, na ilikuwa kazi fupi ya kutia aibu. Mwishowe likabaki jina moja, ambalo alikuwa na hasira nalo. Hasira nayo ni nauli. Akafunga duka, akaenda kwa wifi yake.

Wifi alifungua mlango akiwa na mjukuu mmoja kiunoni na mwingine ameshika gauni, wote pua zinatiririka.

"He! Wewe? Au kuna aliyekufa?"

"Nani alikutuma uende hospitali kunisema?"

"Hospitali gani? Kusema nini?"

"Kwamba nakula mwenyewe! Daktari kanieleza yote. Kasema kuna mtu hafanyi lolote, kazi yake kuamrisha tu, ndiye sababu ya saratani yangu kukaidi dawa."

Wifi alimshusha mtoto polepole.

"Saratani?"

Hapo ndipo Fundi alipogundua kwamba neno lile alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu asiye na koti jeupe.

"Saratani, wifi? Tangu lini? Na hukuniambia?"

"Nikuambie ili uite watu waje waone?"

Wifi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakikutoka kitu. Alitazama kile kitambaa kichwani. Alitazama mashavu yaliyoingia ndani. Kama alikumbuka chumvi, hakusema. Watu kama yeye hawana njia ya kuomba radhi. Wana njia ya kutoa amri.

"Daktari kasema usile mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi kesho nakuja. Usipike. Mapishi yako nayajua, unapika kama unamwonea huruma mchele."

Akaja kweli. Alikuja na vyungu vimefungwa kwa khanga, amewabebesha wakwe, wake za wanawe, naye amebeba kauli. Chumba kile chembamba kikajaa. Cherehani ikasukumwa, ubao wa kukatia ukawa meza. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, na wiki ikapita, na nyingine. Wakala viazi, wakala samaki, wakala supu ya mifupa. Wifi alisimamia kila tonge.

"Meza hilo. Usilizungushe mdomoni kama unatafuta njia ya kutokea."

"Nimeshiba, wifi."

"Umeshibia wapi? Kuku wangu anakula kuliko wewe, na yeye anachaguliwa siku ya kuchinjwa."

Waliongea habari za chumvi, za bei ya vitunguu, za wajukuu na mafua yao yasiyokwisha. Habari za marehemu waliongea kwa kuzunguka, kama watu wanaokwepa dimbwi. Ile siku ya jikoni hawakuigusa. Wifi akiondoka, kimya kilichobaki kilikuwa kizito kuliko kimya cha zamani, maana sasa kilikuwa na cha kulinganishwa nacho. Fundi aliosha sahani mbili, akazianika mbili, akazitazama.

Na alinenepa. Mashavu yakarudi. Fundi viatu akasema jirani umekuwa kama umechorwa upya. Wateja wakaanza kubaki kidogo baada ya "hapa." Kila mtu aliona anapona, isipokuwa mkono wake mwenyewe, ambao kila akioga ulipita kwapani na kukuta yule mpangaji naye ameongeza chumba.

Alijiambia tabia ya siku nyingi haiachi mwili kwa siku moja.

Siku ya kurudi hospitali wifi akasema atamsindikiza. "Nataka nimuone huyo daktari. Na kama kuna mtu alinisema, nimuone naye." Akavaa nguo ya harusini na kujifukiza mafua kabla ya kutoka, ila hayakumsikia; alikwenda anakohoa njia nzima, safari hii kikohozi cha kweli.

Daktari Kijana alipima uvimbe kwa rula, akapima tena. Muuguzi wa chumba hicho, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliandika tarakimu akanyanyua nyusi.

"Umeongezeka," daktari akasema. "Mama, vidonge unameza?"

"Sikumeza."

"Hata kimoja?"

"Sikuona haja. Niliacha ile tabia."

"Tabia gani?"

"Daktari, mimi hapa ni shahidi," wifi akadakia, akijisogeza na kiti. "Tangu umwambie, huyu hajala mwenyewe hata siku moja. Labda chai ya asubuhi. Na chai haina kosa, au nayo ina kosa?"

Daktari alitazama mmoja, akatazama mwingine, akatazama kioo chake kana kwamba kingemtafsiria.

"Kula mwenyewe… nani?"

"Mimi," akasema Fundi Pindo. "Ulisema nakula mwenyewe. Kwamba vipimo vimeonyesha."

"Na ukasema kuna mtu anamchochea," wifi akaongeza, "mtu asiyefanya kazi."

Muuguzi aliweka kalamu chini taratibu sana. Akavaa miwani. Akaivua.

"Daktari," akasema, "ulimwambia 'unakula mwenyewe'?"

"Nilimwambia uvimbe unakula mwenyewe. Unajila."

"Wenyewe."

"Ndiyo, mwenyewe."

"Wenyewe, Daktari! Uvimbe si mtu. Uvimbe unakula *wenyewe*. 'Unakula mwenyewe' ni huyu mama." Akamgeukia Fundi. "Tusamehe, Mama. Huwa anatuambia sisi hivyo hivyo kila siku, tumezoea mpaka hatumsikii."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kikilia kwiko, kwiko, kikapita.

Daktari Kijana aligeuza kiti. Kwa mara ya kwanza aliipa kompyuta mgongo, na usoni alionekana mdogo zaidi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mama, nimekosa," akasema. "Kosa langu. Niruhusu nianze upya."

Akaeleza polepole, akikagua kila neno kabla ya kulitoa. Seli, kila seli, hata nzima, ina namna ya kujila. Inakusanya vitu vyake vilivyochakaa, inavivunja, inavitumia upya.

"Kama kufumua nguo kuukuu upate uzi," Fundi akasema.

"Karibu na hivyo. Kwa seli nzima ni usafi, na ni akiba wakati wa njaa. Na kujila huko huenda kunatukinga saratani isianze. Lakini ikishaanza, saratani inaweza kuutumia ufundi ule ule. Tukiipiga kwa dawa, tukiitia njaa, inafumua vitu vyake vya ndani, inavila, inangoja dawa ipite. Uvimbe wako tunadhani ndio unaofanya hivyo. Na ile RNA niliyokwambia, isiyotengeneza protini, tunadhani ndiyo inayotoa amri."

"Kwa hiyo si mtu," akasema wifi.

"Si mtu, Mama. Ni kitu kidogo sana ndani ya seli."

"Hakipiki, hakioshi, kinaamrisha tu?"

"Kwa… ndiyo. Kwa lugha hiyo, ndiyo."

Fundi Pindo alimtazama wifi yake kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu vya harusini, na kicheko kikamtoka bila kupitia kwake kuomba ruhusa. Alicheka mpaka akashika kovu.

"Mbona unanitazama mimi?" wifi akauliza. "Daktari, mbona ananitazama mimi?"

Kicheko kilipokwisha, kikabaki kile kilichokuwa chini yake. Alikuwa amekula, ameshiba, amependwa kwa mtindo wa amri, na muda wote huo uvimbe ulikuwa kwapani unaendelea na maisha yake. Haukujali anakula na nani.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Umechelewa, sitakuficha. Hatujui kiasi gani. Nafasi kwenye utafiti bado naweza kukuombea, ila lazima niombe leo. Vidonge vinajaribu kuuzuia uvimbe usijile, ili dawa ya mshipa iukute hauna akiba. Vinaweza kukutia kichefuchefu, na mara chache hudhuru macho, kwa hiyo tutakuwa tunayapima. Na vinaweza kugusa kujila kwa seli zako nzima pia. Siahidi kitu, Mama. Ndiyo maana unaitwa utafiti."

"Na nikikataa?"

"Tutaendelea na dawa ya mshipa peke yake. Ile iliyoshindwa."

Muuguzi akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye neno. "Mwambie na lile jingine, Daktari. Alisikie vizuri."

Daktari akamtazama wifi, ambaye wakati huo huo alikuwa anapenga kamasi kwenye leso.

"Safari hii dawa ya mshipa tutaiongeza nguvu. Kinga ya mwili itashuka sana. Mafua ya mtu mwingine kwako yanaweza kuwa kitanda, au zaidi ya kitanda. Kwa hiyo kila tukikutundikia, kwa muda usikae na watu ndani. Hasa wenye mafua, na watoto wadogo. Usile chungu kimoja na mtu."

Wifi alishusha leso.

"Yaani ale mwenyewe," akasema.

Daktari akamtazama muuguzi kama anayeomba msaada wa sarufi. Muuguzi hakuwa na wa kumpa.

"Ndiyo," akasema. "Safari hii ni yeye."

Fundi Pindo alitazama mikono yake. Angeweza kusema hapana. Angerudi nyumbani na vyungu vingeendelea kuja, wangekula viazi, wangekula samaki, angesindikizwa taratibu na mtu anayemwambia meza hilo. Kuna watu wanaokufa vibaya kuliko hivyo. Yeye aliwahi kumuuguza mmoja. Na upande wa pili vidonge, ndoo ya kutapikia, pazia na ukuta. Hakuna aliyemhimiza. Hata wifi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kunamtoa jasho.

"Nileteeni niweke alama," akasema Fundi.

Nje, kwenye benchi la kungojea, wifi alikaa muda mrefu akikunja leso.

"Kwa hiyo nimepika wiki zote hizi kwa ajili ya herufi moja."

"Ulipika wewe au wakwe?"

"Nilisimamia." Akapenga tena, na safari hii hayakuwa mafua peke yake. "Mchuma janga hula na wa kwao, wifi. Wa kwenu ni mimi tu. Sasa wanasema nisile nawe. Nile na nani hilo janga?"

Fundi akamwekea mkono gotini, na huo ulikuwa mrefu kuliko maneno yote aliyowahi kumwambia.

Akatundikiwa dawa. Siku za kwanza zilipita bila umbo. Duka lilifungwa, wateja walibisha, wakasoma karatasi ya "Ninaumwa, rudini," wakaondoka. Fundi viatu alisalimia kupitia ukutani, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa ukoo. Kidonge kilitakiwa kimezwe na chakula, na chakula kilikuwa adui. Mchana mmoja alipika uji mwepesi, akaumimina kwenye sahani, akakaa kitini akiutazama ukipoa. Aliinua kijiko, akakirudisha. Kidonge kilikuwa kando ya sahani, cheupe, kinangoja.

Simu ikalia.

"Umekula?" Sauti ya kengele ya shule, imekwaruzwa na mafua.

"Nakula."

"Muongo. Nakusikia husikiki. Uko na nani hapo?"

Fundi alitazama chumba. Cherehani imefunikwa. Pazia halitikisiki.

"Niko mwenyewe."

Upande wa pili kikasikika kiti kinaburutwa, mtoto anafukuzwa, mlango unafungwa, mfuniko unafunuliwa.

"Usikate simu," wifi akasema. "Iweke hapo mezani."

Akaiweka. Kutoka kwenye simu ikaanza kusikika sauti ya mtu anatafuna, kwa nguvu, mdomo wazi, bila haya yoyote.

"Unatafuna kama mbuzi, wifi."

"Na wewe sikusikii kabisa. Kula."

Akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Kikakataa kushuka, akakisubiri, kikashuka. Akatia cha pili. Hawakuongea tena. Huku kijiko kiligonga sahani, kule kijiko kiligonga sahani, na katikati dakika za simu zilikuwa zinaliwa na hakuna aliyejali. Uji ulipofika nusu, akachukua kidonge, akakimeza kwa sauti, ili asikike.